Doti ya Koko na Doti Zaidi

Ndesanjo alikuwa na ugonjwa mmoja uliomfuata tangu ujana mpaka mvi: hakuweza kusikia swali likiulizwa bila kulijibu. Kama analijua au halijui, hilo lilikuwa jambo la baadaye. Kwa ugonjwa huo aliwahi kuwa fundi saa kule Kaliua kwa siku nne, mkalimani wa Kifaransa Kalemie kwa asubuhi moja, na mpishi kwenye kambi ya wachimbaji Mererani, mpaka walipoonja. Shule nayo aliisoma kwa vipande, kama mtu anayekula muwa njiani: darasa la kwanza Moshono, la tatu Babati, na kisomo cha watu wazima Tabora, ambako mwalimu alihamishwa kabla hawajafika kwenye kugawanya. Kwa hiyo alijua kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Hasa kuzidisha.

Alipofikisha miaka sitini na tisa miguu ilimgomea. Akarudi Moshono kwa dada yake Elinipa, mjane, akiwa na begi moja na makoti mawili, la tatu likiwa limebaki rehani ya jambo asilopenda kulieleza. Elinipa hakumuuliza alikuwa wapi. Alimwonyesha chumba kilichopakana na stoo ya kahawa, akampa blanketi, akasema, "Mbuzi hufunguliwa saa moja. Choo kiko kulekule."

Shamba nalo lilikuwa palepale, ila limezungukwa. Kila upande watu walikuwa wameng'oa migomba na mibuni wakajenga vyumba vya kupangisha, mabati yanang'aa mpaka unafumba jicho. Mibuni ya Elinipa ilipandwa na baba yao. Mwaka ule wa kupanda, Ndesanjo alikuwa kijana wa kubeba maji ya miche kutoka mferejini. Alibeba wiki mbili. Asubuhi moja akatua ndoo ukingoni mwa mfereji, akaenda kuangalia dunia, na ndoo aliiokota Elinipa, mtoto wa miaka minane.

Sasa Elinipa alikuwa amechoka. Kahawa alikuwa akiikaanga mwenyewe, akiitwanga na kuifunga kwenye mifuko midogo yenye jina lake na namba yake ya simu, lakini wanunuzi walikuwa akina mama wa usharika na mwinjilisti mmoja asiyelala. Fundi ujenzi alikwishakuja na futi yake, akapima kutoka kwenye mbuni wa kwanza mpaka kwenye uzio.

"Kama mwaka huu sikupata mnunuzi wa maana," Elinipa alisema, "nang'oa. Vyumba sita. Vyumba havipati ugonjwa wa majani."

Ilimuuma Ndesanjo, lakini mtu aliyeacha ndoo hana mdomo wa kutetea mti.

Ndipo ikaja sikukuu ya mavuno. Baada ya ibada ulifanyika mnada kama kawaida: kuku, mikungu ya ndizi, maboga, na mifuko mitatu ya kahawa ya Elinipa. Mifuko ile ilinunuliwa na mgeni, mama mmoja aitwaye Theresia, aliyetoka Dodoma kuwatembelea wakwe. Kazi yake ilikuwa kununua mahitaji ya hoteli tatu. Saa kumi jioni alikuwa amekwishaonja, na saa kumi na moja alikuwa uani kwa Elinipa.

"Mama, Jumatatu ijayo saa tano asubuhi wakubwa zangu wanakaa kuchagua kahawa ya mwaka mzima," alisema. "Mimi nitaisemea hii. Lakini wale watu kitu wasichokiona kwenye mtandao wanaona hakipo. Mna tovuti?"

Elinipa alitazama viganja vyake. Swali likabaki hewani, na swali likibaki hewani Ndesanjo huwashwa mwili mzima.

"Ipo njiani," akajibu.

Theresia akafurahi, akachukua namba ya simu ya Ndesanjo, akaondoka. Elinipa alingoja mpaka geti lifungwe.

"Ipo njiani ikitokea wapi, kaka?"

"Hilo niachie mimi."

"Ndilo neno ulilomwambia baba kuhusu ndoo."

Kesho yake Ndesanjo alikwenda Sekei, kwenye ofisi ya binti mmoja wa Kiarusha, Naeku, aliyeandika mlangoni kwamba anatengeneza tovuti na kupiga picha za pasipoti. Kazi ilikwenda vizuri, maana Ndesanjo hakuwa na sehemu ndani yake. Elinipa alitoa alichoweka akiba, picha zikatumwa, Naeku akaandikisha jina, akapanga kila kitu. Alhamisi akamwita mzee aje achukue anwani.

Ukuta wa pili wa ofisi ile kulikuwa na fundi wa mageti, na fundi wa mageti husubiri mtu aseme neno la maana ndipo awashe mashine ya kukatia chuma.

"Imekamilika, babu," Naeku alisema huku mteja mwingine akimvuta kwa maswali ya pasipoti. "Anwani ni fupi tu. Elinipa, doti ko, doti tizedi."

Mashine ikalia *ngriiiii*.

Sikio la Ndesanjo, ambalo baada ya kufukuzwa jikoni lilikaa miaka saba jirani na baruti Mererani, lilipokea hivi: *Eli, nipe doti ya Koko, doti zaidi.*

Alifikiri kidogo. Koko, kwa watu wa lugha ya Naeku, ni bibi. Doti kila mtu anaijua, ni kanga mbili zilizoshikana. Kumbe binti anaomba shukrani: doti moja ya bibi yake, na doti nyingine zaidi. Na amemwita Eli, labda ni heshima ya ofisini. Haikumshangaza. Mtu aliyevuka mipaka yote aliyovuka yeye anajua kwamba kila mlango una desturi yake. Kuna mahali alitoa sigara, na mahali pengine aliimbishwa wimbo wa taifa mara mbili.

"Doti mbili?" akauliza ili kuhakikisha.

"Mbili tu, babu."

"Za kawaida?"

"Za kawaida," Naeku alijibu, akimnyoosha mteja shingo mbele ya kamera. "Ila usizisahau. Bila doti haifunguki. Nikuandikie kwenye karatasi?"

"Karatasi ya nini? Kichwa changu ni daftari."

Lilikuwa daftari kweli, ila kurasa nyingi zilikwishachanwa.

Kitu kilichommaliza zaidi ni kwamba neno lenyewe halikuwa geni kwake. Miaka mingi redioni alikuwa akisikia matangazo ya mahoteli, mabenki na vyuo, yote yakiishia na "doti komu". Ndesanjo aliamini kwamba Komu ni Mchaga wa Moshi, tajiri wa kanga, anayelipia matangazo ya watu wote ili atajwe mwishoni. Alikwishawahi kumweleza hivyo mtu mmoja ndani ya treni, kwa kirefu, na kuongeza kwamba aliwahi kumwona.

Jumamosi alikwenda sokoni Kwa Mrombo kununua doti. Miwani aliisahau nyumbani. Ile ya Koko alimwachia mwenye duka amchagulie, "ya mtu mzima mwenye heshima zake." Ile ya zaidi aliichagua mwenyewe kwa rangi, bluu na njano, wala hakuuliza imeandikwa nini. Mpango wake ulikuwa Jumatatu asubuhi aziwasilishe Sekei, Naeku afungue mlango wa tovuti, na saa tano wakubwa wa Dodoma waingie.

Jumapili mchana, simu ikalia.

"Shikamoo baba, ni Theresia. Nipe ile anwani niiweke tayari."

"Marahaba mama. Anwani ni Elinipa."

"Elinipa. Halafu? Doti nini?"

"Doti usiwe na wasiwasi, nimeshanunua."

"Umenunua? Sawa, umelipia. Ni doti komu?"

"Za Komu, za Mrombo, doti ni doti, mama," alisema Ndesanjo kwa upole wa mtu anayemfundisha mgeni. "Moja ya Koko. Kesho mapema inafunguliwa."

"Baba, mtandao unakatakata. Nimesikia komu. Asante!"

Akarudi kwenye makande yake akiwa ameridhika na nafsi yake, hali ambayo kwake kila mara ilikuwa dalili ya mvua.

Jumatatu saa mbili na nusu, Ndesanjo akiwa anafunga kanga zake kwenye gazeti, alisikia dada yake akipiga ukelele uani. Elinipa alikuwa na simu mkononi, uso umebadilika.

"Kaka! Umeuza jina langu?"

"Nimeuza nini?"

"Theresia amepiga. Simu yako umeizima, kapiga kwangu. Ameandika jina langu kwenye mtandao kama ulivyomwambia. Imetokea maandishi makubwa: jina hili linauzwa! Mkubwa wake anasema sisi matapeli. Ndesanjo, ng'ombe nimeuza, mashuka nimeuza. Jina sijawahi kuuza. Nani amekupa ruhusa?"

Ndesanjo alihisi makoti yote aliyowahi kuvaa yakimvuka kwa pamoja. Akasema neno pekee alilokuwa nalo: "Ni kwa sababu doti hazijafika."

"Doti gani?"

Akaonyesha gazeti. Elinipa alitazama ule mzigo, akamtazama kaka yake, akaketi kwenye ngazi ya stoo. Hakupiga tena kelele. Alisema taratibu, "Nitamwita fundi aje na jembe lake," na hilo lilikuwa baya kuliko kelele.

Barabarani alikuwepo Lemburis, mwenye bodaboda, mtu mzima wa watoto watano anayeendesha kana kwamba wote amewapakia. Siku hiyo Ndesanjo alimwomba akimbie. Walipofika Sekei ilikuwa saa nne na robo, maana Lemburis alisimama mara mbili kuwapisha kuku.

Naeku alikuwa peke yake. "Shikamoo babu. Mbona unahema?"

Ndesanjo hakuitikia hata marahaba. Aliweka mzigo mezani, akafungua gazeti. "Hizi hapa. Samahani zimechelewa. Fungua mlango, binti yangu, dada yangu anataka kung'oa shamba."

Naeku alitazama kanga. "Za nani hizi?"

"Hii ya Koko. Hii ndiyo ya zaidi."

"Koko gani?"

"Bibi yako! Si ulisema mwenyewe? Doti ya Koko, doti zaidi. Bila doti haifunguki."

Midomo ya Naeku ikaenda kimyakimya, inarudia maneno: doti ko, doti tizedi. Kisha akainama, akaweka paji la uso juu ya kibao cha kompyuta, mabega yakaanza kutikisika. Kompyuta ikaandika herufi *h* mistari minne. Fundi wa mageti, ambaye siku ya maana aliwasha mashine, leo aliizima akaja dirishani kuuliza nani amefiwa.

Alipopata sauti, Naeku alichukua kalamu, akabonyeza karatasini kidoa kimoja cheusi. "Babu. Doti ni hii."

"Hiyo ni nukta."

"Ndiyo. Nukta."

"Sasa kwa nini hukusema nukta?" Ndesanjo alipandisha sauti. "Nukta naijua! Nukta nimeisoma Tabora!"

Fundi wa mageti ikabidi ashike nondo za dirisha.

"Sikiliza babu," Naeku alisema, akijifuta macho. "Barua ukimwandikia mtu, unaanza na nini?"

"Jina. Sanduku la posta. Mji. Nchi."

"Basi ni hivyohivyo. Elinipa ndilo jina. Co ni kama mtaa wa wafanyabiashara. Tz ni nchi yetu. Nukta zinatenganisha, ili jina lisigongane na mtaa. Na kompyuta yenyewe husoma ikitokea nyuma: inaanzia nchini, inaingia mtaani, mwisho ndiyo inabisha hodi kwa Elinipa."

"Kama mtu anayerudi kwao," alisema Ndesanjo, karibu kwa sauti ya ndani.

"Umeona. Sasa mama yule ameandika com. Com ni mji mwingine kabisa. Huko nako yuko Elinipa, lakini si wetu. Kuna watu wanawahi majina wanayashikilia kama viwanja. Hawajengi, wanaweka kibao cha kuuza. Ule mlango wa dada yako uko wazi tangu Alhamisi."

"Tangu Alhamisi?"

"Bila kanga hata moja."

Ndesanjo alivua kofia. Alikuwa na swali moja, na kwa mara ya kwanza alitamani asilijue jibu. "Kwa hiyo Komu si mtu?"

"Si mtu, babu."

"Wala hauzi kanga."

"Hauzi."

"Miaka ishirini nimekuwa nikimheshimu," alisema Ndesanjo. "Nilikwishapanga siku moja nimtembelee."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika saba. Naeku akaiwasha simu ya mzee, akampigia Theresia, akampa.

Njia ya kutokea ilikuwepo, na Ndesanjo aliiona wazi kama barabara ya lami: angesema mtambo uliharibika, umeme ulikatika, au kuna adui wa familia. Uongo wa namna hiyo alikuwa nao wa kutosha, umekunjwa vizuri. Lakini aliyepokea hakuwa Theresia peke yake.

"Baba, nimekuweka kwenye spika," alisema Theresia, sauti imebana. "Wakubwa wote wapo."

Sauti nzito ya kiume ikaingia. "Mzee, mimi nataka kuelewa jambo moja. Jina la kahawa yenu linauzwa kwenye mtandao. Na jana ulimwambia mwenzetu kuna doti umenunua sokoni, moja ya Koko. Koko ni nani? Ni dalali wenu?"

Uongo wowote aliokuwa nao Ndesanjo haukuwa na mahali pa kumweka Koko.

"Mheshimiwa," alisema, "Koko ni bibi wa binti aliyetutengenezea tovuti. Wala hajui kama anatajwa. Dada yangu hajakosea kitu. Mjinga ni mimi, na ujinga wangu ni wa siku nyingi, ngoja nikueleze."

Akaeleza. Alieleza mashine ya kukatia chuma na sikio la Mererani. Alieleza daftari la kichwani, soko la Kwa Mrombo, na Komu tajiri wa Moshi. Alieleza mpaka mtu wa kwenye treni. Alipofika kwenye "nukta nimeisoma Tabora" mtu mmoja alisikika akikohoa, mwingine akagonga meza, halafu chumba kizima kikaangua kicheko. Naeku alikuwa amejifunika uso kwa doti ya Koko.

"Haya, mzee," ilisema ile sauti nzito, sasa imelegea. "Taja anwani. Polepole."

"Elinipa. Nukta. C, o. Nukta. T, z." Akafikiri. "Hakuna nguo yoyote kati yake."

Vidole vikasikika vikiandika.

"Imefunguka," alisema Theresia.

"Huyu mama mwenye ungo pichani ni nani?" sauti nzito iliuliza.

"Ndiye Elinipa mwenyewe. Dada yangu."

"Na miti hii nyuma yake, ni yenu?"

Ugonjwa wake ukamjia, ule wa kuzidisha. Akaumeza. "Aliipanda baba. Dada ndiye ameitunza. Mimi nilibeba maji wiki mbili."

"Leteni mifuko kumi tuonje sote," sauti ile ikasema. "Sijasema tumeichagua, mzee. Nimesema tutaonja. Kikao cha mwisho ni mwezi ujao."

Doti ya Koko Naeku hakuirudisha. Alisema bibi yake yupo Ngaramtoni, mzima, na hawezi kukataa kanga iliyopitia mtandaoni. Doti ya zaidi Ndesanjo alirudi nayo.

Elinipa alikuwa bado ngazini. Fundi ujenzi naye alikuwa amekwishafika, amesimama kando ya mbuni wa kwanza na futi yake. Ndesanjo alimweleza dada yake yote, bila kupunguza lolote, hata pale alipotamani sana kupunguza. Elinipa alisikiliza akiwa amefunga mdomo kwa kiganja. Alipofika kwa Komu, kile kiganja hakikutosha.

Alipomaliza kucheka alimgeukia fundi. "Rudi baada ya kikao cha mwezi ujao. Mpaka hapo kunja futi yako, inatisha mibuni."

Kisha akavuta ile doti ya bluu na njano kutoka kwenye gazeti, akaikunjua magotini. Akasoma maandishi, akasoma tena kwa sauti: "Nimerudi mwenyewe, sikuitwa."

Ndesanjo akapapasa mifukoni kutafuta miwani ambayo ilikuwa chumbani tangu Jumamosi. "Imeandikwa hivyo?"

"Ulikuwa hujui?"

"Niliipendea rangi."

Elinipa aliingia ndani akatoka na mkasi. Akaikata doti katikati, pale vipande viwili vinaposhikana. Kimoja akajifunga kiunoni, kingine akamtupia kaka yake. "Chumba chako hakina pazia. Tundika hicho mlangoni, maandishi yatazame nje, wageni wajue."

"Asante."

"Usinishukuru. Mifuko kumi inataka kahawa, na mibuni inataka maji. Ndoo unajua ulikoiacha."

Ndesanjo akavua koti, akaelekea mferejini. Alikuwa hajafika kwenye migomba Elinipa alipompigia kelele kutoka ngazini, sauti imejaa kicheko:

"Kaka! Huyo Komu, ulipomwona, alikuwa mrefu au mfupi?"

Ndesanjo akageuka na mdomo wazi, jibu likiwa tayari ulimini, na urefu wake na rangi ya shati. Akasimama hivyo kidogo. Kisha akaufunga mdomo, akaenda kuchukua ndoo.